Karani Aliyedhaniwa Kaja Kuposa

Mkunazini,
Sanduku la Posta 214,
Unguja.
14 Machi, 1956.

Mpendwa binti yangu Mwatum,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyonitumia imefika, na marahaba sana. U hali gani huko Wete, na ile homa imekwisha? Sisi hapa tu wazima. Mama yako Mwanakheri goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini jana alikwenda Darajani kwa miguu akarudi na samaki, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Najua unachongoja ni habari za msaada wa kusomea shahada ya ustawi wa jamii. Nivumilie nikueleze kwa mpango, maana nina jambo la kukuomba mwishoni.

Milango miwili ilikwisha kufungwa. Mfuko wa wakfu niliouendea husomesha wanafunzi wa dini tu, na kile chama cha wafanyabiashara hupeleka wavulana peke yao. Ukabaki mmoja, wa kamati ya masomo ya ng'ambo, uliyoijazia fomu. Miezi miwili kimya. Jumatatu iliyopita nikaenda mwenyewe, na karani wao, Bwana Mkadam, akaniambia kwa adabu kwamba jina lako limewekwa kando.

Sababu yake ilinishangaza. Kamati hiyo humtuma mtu akaulize habari za mwombaji pale alipofanya kazi. Mkadam alikwenda Mkokotoni, ulikosomesha skuli miaka mitatu, akaandika aliyoyasikia: Mwatum ni mtulivu, hatoki, haingii nyumba za watu, wala hana habari na mambo ya mtu. Na kazi unayotaka kuisomea, kama ujuavyo, ni kuingia nyumba za wenye shida na kuyajua mambo yao. Kamati ikaona huifai.

Siku ya pili yake nikapanda gari ya shamba mpaka Mkokotoni. Aliyeyasema yale ni Bi Mashavu, yule mjane jirani yako. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza. Kijana nadhifu, kanzu imepigwa pasi, katoka mjini, anauliza tabia ya msichana: yeye alijua ni mtu wa posa. Na mtu wa posa, Mwatum, unajua hujibiwa nini. Alidhani anakutengenezea. Tena akanilaumu mimi, mchumba mzuri kama yule, mbona hakurudi?

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatambua alivyokuharibia. Akavaa buibui lake, akasema twende. Na ofisi ya serikali alikuwa hajapata kuingia maishani mwake.

Mbele ya Mkadam alianza na matani, akamwambia kwamba bahati yake mbaya, hata sifa za mapishi alikuwa amemwekea kwa safari ya pili. Mkadam akainamia karatasi zake. Kisha akamuuliza kama ni kweli huingii nyumba za watu.

"Mwanangu, kwangu aliingia bila ya hodi," alijibu Bi Mashavu. "Eda imekwisha, mimi nimejifungia, sili. Kapita mlango wa uani, kapika uji, kakaa mpaka nikaunywa. Na shemeji zangu walipotaka kunitoa nyumbani, yeye ndiye aliyenifikisha kwa kadhi. Sikukwambia siku ile. Nani atamtaka mke anayejua siri za watu?"

Mkadam aliandika yote. Leo asubuhi imekuja barua: jina lako limerudishwa, na kamati inataka kukuona tarehe 28 mwezi huu. Mmeitwa wawili, atachaguliwa mmoja. Basi panda meli ya wiki ijayo, na uje na cheti chako cha ualimu.

Ninaloomba ni hili. Watakuuliza umepata kumsaidia nani. Nakujua, utainamisha macho useme hukufanya kitu, kwani ndivyo tulivyokulea. Siku hiyo usifanye hivyo. Mbele ya kamati, kunyamaza hakuhesabiwi adabu. Huandikwa kwamba hukufanya kitu kweli. Bi Mashavu naye kanipa salamu nikufikishie: utulivu wako ameshausema yeye, umetosha, sasa wewe sema yaliyobaki.

Nisalimie Bi Mwanakhamis aliyekupa chumba, na mwanawe Matar. Mwenyezi Mungu akuvushe salama, na akufungue ulimi siku hiyo.

Ni mimi ami yako, nikupendaye kama aliyekuzaa,

Silima Machano