Mirija Kwenye Khanga Yako

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nakuona unavyoguna: huyu Beni tangu lini akawa mtu wa barua, wakati hata shuleni alikuwa akiandikiwa na dada yake? Ni kweli. Lakini Jumamosi ijayo ni mbio za mikokoteni hapa Malangali, na jana kamati walikuja nyumbani kuniomba nikae kwenye kigoda chako. Nimewakubalia. Sasa tangu asubuhi sijashika kazi yoyote, na mtu wa kumweleza ni wewe tu.

Wenzangu wakikumbuka mbio za zamani wanataja vumbi na maksai. Mimi nakumbuka mvuke wa sufuria lako la maji ya moto, baridi ya Julai ikitukata masikio, na wazee wamezunguka chungu cha kimpumu, kila mmoja na mrija wake wa tete mdomoni, wewe ukipita na kata ukiwaongezea maji. Kimpumu chako, Mama! Pombe ile ya ulezi ilikuwa na jina hadi Matai, na walioisifia hawakuwa walevi peke yao. Mtu hakuweza kuinywa huku anatembea. Chungu kiko chini, mrija mrefu, kwa hiyo anakaa. Akishakaa anapiga soga, soga zikizidi anasinzia. Na mrija ulikuwa wa mwenyewe. Mwanaume alitembea nao ameuchomeka kwenye kofia, hamwazimi hata ndugu yake wa tumbo moja. Mikokoteni ikipita wazee walinyoosha shingo, wakapiga kelele kidogo, wakarudi kwenye chungu chao.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Ghafla madukani kila kitu kipo, mitumba imejaa, na bia za makopo zinateremka kutoka Tunduma. Yule mfanyabiashara wa pikapu unamkumbuka, na redio kaseti yake inayosikika hadi makaburini. Alikuja kuegesha palepale mwisho wa njia ya mbio, akafungua kreti na makatoni, na vijana wa mjini wakajipanga: "Mambo?" "Poa, mshikaji, nitupie mbili." Wakanywa wamesimama. Wakanywa wakitembea. Wakanywa wakikimbia sambamba na maksai, wakiwapiga makofi ya mgongo na kuwarushia magunzi ya mahindi. Kelele za makopo yakigongwa! Ng'ombe anajua jembe na anajua mwenye kumlisha. Kopo linalogongwa karibu na sikio lake halijui.

Ulisema toka mwaka wa kwanza: "Hawa watu wamenyanyuka. Mtu akinyanyuka na pombe mkononi, hapo kuna maiti." Nikakucheka. Nilikuona mwanamke wa vyungu anayewaonea wivu wenye friji.

Mama, niandike lile jambo. Wengi wa hapa wanalijua sasa, ila mjukuu wako Sabina, binti yangu, hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu, na barua hii atapewa aisome kwanza kabla sijaiweka chini ya ile picha yako.

Mwaka wa pili wa makopo, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimewafunga nira Tabu na Mzungu, maksai ambao hakuna aliyewashinda toka kwenye mikaratusi, panapoanzia mbio, hadi mwisho wa njia. Kingo za njia tulizichora kwa majivu ya majiko yenu, ninyi wapika pombe, kama kawaida: ndani ya majivu ni ya mikokoteni, nje ni ya watu. Kabla ya kuanza nilijificha nyuma ya mikaratusi nikanywa makopo mawili. Haraka haraka, kwa kiburi tu, kwa sababu wenzangu walikuwa wananywa. Sikuwa nimezoea. Tulipokaribia mwisho, gunzi likampata Mzungu usoni, akavuta kushoto. Nilikuwa na nafasi ya kumrudisha. Nimewarudisha maksai wale mara mia. Siku ile mkono ulichelewa, nikavuta kamba wakati gurudumu limeshavuka majivu, na Deusi mpasua mbao alikuwa pale.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni uleule. Mguu wake ulipona vibaya, ukabaki umepinda, na msumeno wa watu wawili akauacha mpaka leo.

Kwato zilikuwa zimefuta majivu yote. Watu wakasema Deusi alikuwa chakari, na kweli alikuwa chakari. Wakasema aliingia njiani. Mtendaji wa kata akaandika kwamba aliingia njiani. Na mimi, Mama, niliposikia hivyo nikanyamaza. Nilinyamaza kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Wewe ulikuwa unanifuta vumbi usoni kwa pindo la khanga. Ukasimama ghafla, ukaniangalia, ukasema maneno mawili tu: "Nimekunusa, Beni." Ukaendelea kunifuta.

Mwaka mzima hukurudia. Hukunisema kwa Baba, hukunisema kwa padri, wala kwa dada yangu Tekla ambaye ulikuwa humfichi kitu. Ila kila mwezi ulipima debe la mahindi ukaniita mimi, siyo mwingine, nilipeleke kwa Deusi. Nilikuwa nafika pale namkuta amekaa mlangoni, ananishukuru! "Mwambie Mama Tekla Mungu ambariki. Mimi na ulevi wangu nimejitakia, lakini yeye bado ananikumbuka." Narudi nyumbani, sahani ya ugali na maharage iko mezani, siigusi. Wewe unaiondoa bila kuuliza. Nilikuchukia, Mama. Nasema ukweli. Nilitamani unipige yaishe.

Mavuno yaliyofuata mtendaji akatangaza: mbio zitafanyika, lakini akiumia hata mtu mmoja, basi, hakuna mbio tena Malangali na hakuna kibali cha pombe kwa mwanamke yeyote. Wenzako wakalia. Wewe ukaniambia nikawafunge nira Tabu na Mzungu. Nikasema sikimbizi tena mkokoteni maisha yangu yote. Ukasema, "Utakimbiza. Njia nitakusafishia mimi."

Sikujua unasafishaje njia yenye watu wengi kiasi kile. Nilifika na maksai wangu nikakuta umekaa kwenye kigoda katikati ya njia ya mbio, khanga umeitandaza mapajani, vyungu vyako vimefunikwa. Mikokoteni sita nyuma yako, watu huku na huku, wengine tayari wameshakolea. Masanja, yule Msukuma aliyepanda na maksai wake wa pembe ndefu kutoka bondeni Mtowisa, akashuka akakuinamia, "Mama, shikamoo, tupishe basi, ng'ombe wanapoa."

"Marahaba, mwanangu. Watapoa leo."

Ukapaza sauti. Sijui sauti ile ulikuwa umeificha wapi miaka yote. "Kila mwenye mrija alete hapa! Kila mwenye kopo arudishe kwenye katoni! Mikokoteni ikishapita yote, mtapewa, mtakunywa mpaka mlale. Hamtaki, mimi nimekaa. Nina siku nzima."

Wakacheka, wakazomea. Kijana mmoja akarusha gunzi likakupita karibu na kichwa, na hukuinama. Mwenye pikapu akaongeza redio. Mtu anyang'anywe mrija wake? Ilikuwa sawa na kumwambia mzee avue suruali. Hakuna aliyesogea, na mimi nilitamani ardhi ipasuke, mama yangu mzazi amekuwa kichekesho.

Ndipo ukageuka ukanitazama. "Beni. Tuanze na wako."

Watu wakaangua kicheko. "Huyo dereva, Mama Tekla! Dereva hanywi!"

Uliendelea kunitazama, mkono umeunyoosha. Hukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilielewa kwamba mwaka mzima ulikuwa unaniachia nafasi niseme mwenyewe, na kwamba hata pale ningeweza kukupa mrija, nikarudi kwenye mkokoteni, na ungenisitiri mpaka kaburini.

Nikatoa mrija kwenye kofia nikauweka mapajani mwako. Halafu mdomo ukafunguka. Nilisema, na Deusi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ameegemea mkongojo: "Mwaka jana nilikuwa nimekunywa. Makopo mawili. Deusi hakuingia njiani. Alikuwa nje ya majivu. Mimi ndiye niliyetoka."

Hata redio ilizimwa, sijui na nani.

Deusi akaanza kuja. Tok, tok, mkongojo wake kwenye ardhi kavu. Watu wakajua ananipasua kichwa, nami nikasimama anipasue. Alipofika alikuwa analia, mtu mzima, machozi yanamtiririka bila aibu. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa mahali pangu?"

"Ulikuwa mahali pako, kaka."

"Mwaka mzima wananiambia niliingia njiani. Sikumbuki kitu. Nikaamini. Mke wangu akaamini." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kumbe nilikuwa mahali pangu."

Akachomoa mrija wake akauweka juu ya wangu. Baada ya hapo nani angekataa? Wazee wakaja mmoja mmoja, wakiweka mirija kwenye khanga yako kama watoaji sadaka, na Masanja, asiyejua hata kimpumu kinanywewaje, akaleta kopo lake, "Mama, mimi sina mrija, chukua hili." Wale waliokuwa wanazomea ndio waliomgeukia mwenye pikapu: funga, bwana, tunataka mbio! Akafunga mwenyewe. Ukafunga mirija ile furushi moja, ukaibana kwapani, ukachukua kigoda chako ukatoka njiani taratibu, kama mtu aliyemaliza kuanika ulezi.

Nilikimbiza. Masanja akanishinda kwa shingo ya ng'ombe, na sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile. Maana nilipofika pale mwisho niliangalia kushoto, pale pale, na mstari wa majivu ulikuwa mweupe moja kwa moja, watu wote nyuma yake. Deusi alikuwa mbele kabisa ya watu, anapunga mkongojo hewani, anapiga kelele jina langu.

Kisha ulirudisha mirija, kila mtu wake, hukukosea hata mmoja. Mimi na Deusi ukatuketisha chungu kimoja, ukatumwagia maji ya moto, ukasema, "Kunyweni, nisikie mnaongea." Tumeongea mpaka leo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua mbao za mkokoteni, yeye ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza lako, kwa mguu ule ule, akakataa kusaidiwa.

Watu wanapokusifu siku hizi wanasema Mama Tekla aliokoa mbio. Wanasema kila mwaka mikokoteni haianzi mpaka pawepo kigoda njiani na khanga imetandazwa, na ni kweli, hata kama wanaokuja siku hizi wanakabidhi chupa na vipakiti vya pombe kali kuliko mirija. Najivunia hayo, najivunia sana, natembea mjini kifua mbele. Lakini kinachonifanya niwe na fahari ya kuwa mwanao ni kitu kingine. Ungeweza kuanza na mlevi yeyote pale. Walikuwepo tele. Ulianza na wa kwako, aliyetoka tumboni mwako, mbele ya watu wote waliokuwa wanakucheka.

Baada yako Deusi alikaa kwenye kigoda miaka yote hii. Sasa magoti yamemkataa. Ndiyo maana kamati wamekuja kwangu. Nilimwendea jana jioni kumuuliza kama anaona ninafaa, baada ya yale. Akanicheka mpaka akakohoa. "Nani mwingine anafaa, Beni, kama siyo yule aliyewahi kutoka njiani?"

Kinachonitia hofu ni Sabina. Mwaka huu ndiye anayekimbiza mkokoteni wetu, msichana wa kwanza hapa kushika kamba siku ya mbio. Ana mikono yako, Mama, na ubishi wako. Maksai wanamsikia kuliko walivyonisikia mimi. Mji mzima utakuja kumtazama, wengine kumshangilia, wengine wakiomba aanguke. Nampenda mtoto huyu hadi naogopa. Na jana alipotoka kuwafanyisha mazoezi maksai, akiwa na wenzake, alinipita mlangoni akinisalimia haraka, ameugeuza uso pembeni.

Nimemnusa, Mama.

Sijasema zaidi ya hilo. Nilimwambia maneno yako yale mawili, akasimama kidogo, akaenda zake. Barua hii ataikuta mezani kesho. Nimebakiwa na siku chache za kusubiri, na sasa ndiyo najua mwaka ule mzima wewe ulikuwa unalala vipi.

Jumamosi nitakaa katikati ya njia, khanga yako mapajani. Watazomea, na mimi sitainama. Nitanyoosha mkono kama ulivyonyoosha, bila hasira, Mungu anisaidie. Nitaanza na Sabina.

Lala salama, Mama. Chungu hakijapoa.

Ni mimi Beni, kitinda mimba wako, dereva uliyemnusa.