Kikohozi cha Wazee Mkutanoni kwa Zaituni

Shabani ndugu yangu,

Naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Herufi zimetawanyika kama viazi vya gunia lililopasuka, lakini na wewe kusoma hukunizidi, kwa hiyo nyamaza usome.

Tangu utuache, hapa ugenini Doonside pamepoa. Kiti chako kibarazani nakikalia mimi, changu naweka miguu.

Habari kubwa ni ya mwanao Zaituni. Unakumbuka alipopata kazi ofisi ya elimu, ukapiga simu mpaka kwa jamaa wa mtaa wa St Marys: "Mwanangu ni mkuu wa usawa!" Usawa wa nini, hukujua. Mimi nimejua, maana niliuliza. Kazi yake ni kuhakikisha watoto wa shule za huku kwetu, wawe wetu sisi wahamiaji, wawe wa wenyeji wa asili wa nchi hii, wanapata sawa na wale wa mitaa ya wenye nacho.

Basi baada ya kukuzika akaja kwangu, macho mekundu. "Baba mkubwa, naacha kazi." Alikuwa anaomba wakalimani, wazazi waelewe mwalimu anasema nini. Kila akifungua mdomo mkutanoni, bosi anamkatiza: mbona wazazi wenyewe hawalalamiki? Na yeye yuko peke yake.

Nikamwambia, "Peke yako? Kwani na mimi nimekufa?"

Nikakusanya watu wa kwenda naye mkutanoni, huku kwetu mpaka mtaa wa Quakers Hill. Nilivaa suti yako. Imenikaa vizuri kuliko ilivyokukaa wewe, samahani. Mlangoni tukaambiwa wageni ruhusa kukaa, kusema hapana. Mimi huyu, niliyekuwa nikiita wateja soko zima la Tanga likageuka!

Zaituni akaanza. Bosi akamkatiza. Nikakohoa. Kile kikohozi cha mzee anayetaka watu wajiweke sawa kabla hajaingia ndani. Bosi akageuka. Zaituni akaendelea. Alipomkatiza tena, safu nzima ikakohoa, na Mama Furaha, yule Mkongo, akanogewa, akawa hanyamazi. Bosi akauliza kama tunahitaji maji.

Zaituni akacheka, Shabani. Kile kicheko chako cha puani. Nikaangalia chini kidogo... vumbi tu jichoni. Akasema mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza.

Wakalimani wamekubaliwa, shule chache kwanza. Na kuacha kazi? Juzi kanipigia: "Baba mkubwa, Alhamisi kuna mkutano. Koo linaendeleaje?"

"Bovu kabisa, mwanangu. Tunakuja."

Kufa ndicho kitu cha kwanza ulichonitangulia, na sina haraka ya kukufuata. Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, maadamu miguu yangu inapanda treni, mwanao hatakaa mbele ya wale watu bila mtu wake nyuma. Na siku ukiniona huko, usiniulize habari zake kwa wasiwasi. Ujue sikuondoka mpaka nilipopata wa kukalia nafasi yangu.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Hamisi