Betri Nzima

Jumatano, 5 Machi

Magari saba leo! Mikono inanuka asidi hata baada ya sabuni mara mbili. Bosi anapita nyuma yangu akigonga saa yake kwa kidole. Anagonga tu.

La saba lilikuwa gari la wagonjwa la kituo cha afya cha kule mlimani, limekuja kwa ukaguzi. Dereva wake tunamwita Polepole — dereva wa wagonjwa kuitwa Polepole, hii dunia ina mizaha! Mzee wa miaka sitini, hupangusa viatu kabla ya kupanda gari lake mwenyewe. Akasema siku hizi asubuhi linakohoa kwanza ndipo liwake. Nikamwambia, mzee wangu, kwa umri wako kila kitu kinakohoa. Akacheka. Tukacheka wote.

Nimepima kwa mita. Volti kumi na mbili nukta saba. Safi. Lakini gari lilikuwa ndio kwanza linatoka barabarani, betri imechajiwa saa nzima njiani. Betri ya hivyo ni kama mgonjwa aliyetoka kuoga: anang'aa tu. Ilitakiwa ipumzike kwanza. Au niibebeshe mzigo kwa ile mashine inayovuta umeme wake kama stata inavyouvuta gari likiwashwa. Mashine haipo, waya umekatika, iko kwa fundi tangu wiki iliyopita.

Tarehe kwenye kasha: miaka mitatu na miezi minane. Kwa joto la huku, betri ikipita mitatu inatazamwa kwa jicho kali. Minne ni bahati. Nimewaambia wateja maneno hayo mpaka ulimi umeota sugu.

Lakini kikao cha wazazi shuleni kwa binti kilikuwa saa tisa, na nilishakosa viwili.

Nikapangusa ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Kwenye fomu, pa kipimo cha mzigo nikaacha wazi, chini nikaandika: Betri nzima. Ipimwe tena baada ya miezi sita. Sahihi. Nakala moja kwa Polepole, moja imebaki kitabuni.

Kikao nimewahi. Binti ni wa tatu darasani!

Ijumaa, 7 Machi

Mashine ya mzigo imerudi. Nimeijaribu kwenye gari la bosi, inafanya kazi vizuri.

Nikakumbuka gari la wagonjwa. Nimwite mzee arudi? Toka kule juu ni saa nzima ya mashimo. Na nitamwambia nini — kwamba Jumatano sikupima sawasawa, nilitazama mita tu? Nitampigia Jumatatu. Betri iliyodumu mpaka leo haitakufa kwa siku tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Lori limeungua nyaya. Kutwa nzima nimelala chini yake. Sikupiga. Kesho.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu asubuhi simu ya gereji imelia. Karani wa kituo cha afya. Anataka betri, leo hii, aina ileile. Nikauliza kuna nini. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

Mama mmoja alijifungua salama alfajiri. Kisha damu ikakataa kukatika. Saa kumi na mbili mkunga akasema apelekwe hospitali kuu haraka. Wakampakia. Polepole akageuza ufunguo — tak. Tak. Tak. Basi. Taa za dashibodi zikafifia zikazimika.

Wakasukuma. Uwanja wa kituo ni mchanga mtupu. Waliosukuma ni mlinzi, manesi wawili, na mume wa yule mama. Mume mwenyewe! Mkewe yumo ndani, yeye yuko nyuma anasukuma! Halikushika. Wakatafuta gari la kubusti, la kuazima umeme. Lori la kubeba mawe likapatikana baada ya dakika arobaini. Waya zikaunganishwa, gari la wagonjwa likawaka mara moja tu, bila hata kukohoa.

Mama amefia njiani. Zilibaki kona mbili kufika.

Mtoto mzima. Wa kike.

Niliweka simu chini nikaenda kunawa mikono. Haikuwa michafu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata wiki moja azaliwe.

Jumatano, 12 Machi

Wameileta ile betri. Imefungwa kwenye gunia nyuma ya pikipiki. Bosi akasema ipime, kuna watu watauliza.

Safari hii nimepima kama inavyotakiwa. Nimeichaji, nimeiacha itulie, nimefunga mashine ya mzigo, nikahesabu. Moja, mbili, tatu — sindano imeporomoka hadi volti saba. Betri nzima haishuki chini ya tisa na nusu hata ukihesabu kumi. Nikafungua vifuniko, nikavuta asidi chumba kimoja kimoja. Cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu: maji. Maji tu, ya kunawia uso.

Kasha limefura ubavuni. Kidogo, lakini ukipitisha kiganja unalisikia. Jumatano ile sikupitisha kiganja.

Chumba cha betri hakifi kwa siku sita. Hiki kilikuwa kinakufa tangu kabla ya mwaka mpya, na mzee alikuwa anakisikia kila asubuhi. Alikuja akaniambia. Nikamfanyia utani.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi ameniita ofisini, akafunga mlango. Mlango huo haufungwi, bawaba zimeshapinda. Leo ameusukuma kwa bega mpaka ukaingia.

Polepole amesimamishwa kazi. Msimamizi wa kituo anasema mzee aliacha taa ya nyuma inawaka tangu jioni, ndiyo iliyokula chaji. Jumatatu kuna kikao cha uchunguzi. Gereji inatakiwa ilete ripoti ya fundi.

Bosi anataka niandike: betri ilikuwa nzima, imeishiwa kwa sababu ya taa. Akasema betri ni kama binadamu, inaweza kulala nzima isiamke. Ni kweli, nimeziona za hivyo. Nikamwambia hii siyo. Nikamwambia habari za chumba cha tatu. Akakuna mkono wa kiti. Halafu, taratibu: "Watu kumi na mmoja wanakula hapa. Wewe ni mmoja wao."

Angefoka ningejua la kufanya. Hakufoka. Huyu ndiye aliyenipa spana wakati gereji zote zilinicheka, mwanamke ataingiaje chini ya gari. Kila ninachokijua kuhusu umeme kimetoka mdomoni mwake. Hata ile ya kutoiamini betri iliyotoka safarini — alinifundisha yeye.

Kitabu cha nakala hakuniambia nikichane. Nilipotoka nimekikuta juu ya meza yangu ya kazi, kimefunuliwa ukurasa wa fomu ile, pengo la kipimo cha mzigo likinitazama. Wembe wa kumenyea waya umewekwa kando yake, sambamba kabisa, kama kijiko kando ya sahani.

Nimekifunga. Nimekitia kwenye mkoba. Nimerudi nacho nyumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Polepole. Nilikwenda kusema. Naiandika hapa ili nisijidanganye baadaye: nilikwenda kusema.

Vyumba viwili. Shati la kazi limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa ukutani kama picha ya ndoa. Mkewe kaniletea maji. Mzee alikuwa amevaa viatu, ndani ya nyumba, kamba zimefungwa. Mkewe akasema kila asubuhi anavivaa, anakaa navyo mpaka jioni.

Sijafungua mdomo, ameanza yeye. "Mwanangu, nimekuletea balaa kazini kwako. Unisamehe."

Mimi nimsamehe!

Akasema amefikiri sana. Mwanzoni alikuwa na hakika taa aliizima. Sasa hana. Anajaribu kuuona mkono wake ukibonyeza swichi. Mara anauona, mara hauoni. "Umri huu, mtu unasahau. Wewe ulipima, ukakuta nzima. Basi aliyebaki ni mimi."

Mkewe aliponisindikiza hadi mlangoni kaninong'oneza. Siku hizi mzee akifunga mlango anarudi mara tatu kuutazama. Akizima jiko, anarudi. Jana kamuuliza mkewe, eti wale watoto wetu ni wanne au watano.

Wanne.

Kule ndani maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikayanywea maji. Nikasema, "Mzee, pumzika tu." Pumzika tu! Kisha nikaaga, na yeye akasimama kuniaga kwa adabu zake zote, akaniambia nikanyage taratibu, ngazi imelegea.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia mume wangu. Yote. Alikuwa anashona, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, ndipo akazungumza. Akasema yeye akikata kitambaa vibaya, mteja anavaa suruali fupi. Wewe ukikata vibaya — hakumalizia.

Akauliza, utasema? Nikasema sijui. Nikasema bosi, kazi, ada ya binti. Akaitikia kwa kichwa, yote ni kweli. Akauliza, na yule mzee, mwenzake wa kumtetea ni nani?

Mashine ya kushona ikaendelea.

Karatasi ya ripoti iko mbele yangu tangu saa nne asubuhi. Nimeandika tarehe.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia benchini, nje ya chumba cha kikao, kituo cha afya. Kitabu cha nakala kimo mkobani. Ripoti sina. Karani kaja kuiomba, nikamwambia nitaeleza kwa mdomo. Kanitazama kama mtu aliyekuja msibani na ngoma. Bosi yumo ndani tayari. Kapita mbele yangu bila salamu.

Kutoka hapa nauona uwanja. Mchanga. Mifereji ya matairi bado ipo, hakuna aliyeisawazisha.

Polepole anahojiwa. Mlango haukufungwa vizuri. Wamemuuliza aliizima taa au hakuizima. Kisha sauti yake, ndogo: huenda hakuizima. Huenda au hakuizima? Wanamwambia kama anakubali aweke sahihi, mambo yaishe mapema. Anauliza kama kuna mtu ana kalamu.

Kuna mtu kaja kukaa benchini. Kijana wa miaka thelathini hivi, koti limemkaa pana. Chupa ya maziwa ya mtoto imetokeza mfukoni. Ni yeye. Sikuhitaji kuambiwa.

Kanisalimu vizuri. Kaniuliza kama nami nimeitwa. Ndiyo. Kasema mtoto yuko kwa shangazi yake, na chupa ameondoka nayo yeye, kasahau, sasa hajui kule wanamnywesha kwa kitu gani. Kajaribu kutabasamu. Kauliza mimi ni wa wapi. Nimesema ni fundi wa umeme wa magari.

Akaisukuma chupa ndani ya mfuko. Halafu: "Eti dada, betri ya gari hukaa muda gani?"

Swali la kila siku. Jibu lake nalitoa hata usingizini. Nimemwambia: mitatu, minne ikitunzwa. Baada ya mitatu ipimwe mara kwa mara, na ipimwe ikiwa baridi. Ikianza kukohoa asubuhi, ibadilishwe, isingojwe.

"Na hiyo ya hapa, ilikuwa na muda gani?"

Mitatu na miezi minane.

"Ilikuwa inakohoa?"

Ndiyo.

Katazama mikono yake. Viganja vimechubuka, magamba hayajakauka vizuri. Ni mikono iliyosukuma. "Kwa hiyo kuna mtu alijua," kasema. Hakusema kwa hasira. Kasema kama mtu anayetafuta njia na kuelekezwa. "Nani?"

Karani kafungua mlango. Fundi aingie. Kule ndani mzee kashika kalamu, anatafuta mahali pa kuweka sahihi, mtu anamwonyesha kwa kidole. Karani anaita tena. Huyu kijana bado ananitazama, anangoja, na mimi bado naandika —