King'ora cha Asubuhi

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Makongeni tuko salama, ila magoti ya nyanyako. Swali lako, kama uombe likizo na uzime simu ukachonge vinyago, limeninyima usingizi.

Nikiwa kijana katika karakana ya reli, nami niliomba likizo nichonge. Asubuhi ya kwanza king'ora cha kuita kazini kililia, na kabla sijajijua nilikuwa langoni na ovaroli. Mlinzi akacheka: "Wewe si uko likizo?"

Nikarudi nyumbani, nikashika patasi huku masikio yakisubiri king'ora. Yule ndege wa juu ya kabati, mwenye bawa lililopinda, nilimchonga siku hiyo.

Nyanyako anauliza tutajuaje uko salama. Mimi pia sijui. Zima simu, mama. Kuogopa tuachie sisi.

Babu yako