Kifungu cha Wenye Sauti Ndogo

Zuhura mdogo wangu,

Kimepita. Nimetaka neno hilo likufikie kabla ya salamu, maana hukupenda salamu ndefu. Kifungu chetu kilipita jana asubuhi, hapa Dodoma, bila mkono hata mmoja kupinga. Sasa nakusalimu: amani ikushukie hapo Mbuchi ulipolala.

Nasema chetu, ingawa wenzangu kwenye kamati ya viwango vya redio wanadhani ni changu, mhandisi mstaafu mwenye miwani mizito. Hawajui kwamba muuguzi wa zahanati ya deltani alipanda juu ya dungu la kulindia mpunga, mahali pekee simu iliposhika, ili anigombeze.

"Kaka, hizo redio zenu zenye akili, nani kazifunda adabu?"

Siku ile ulikuwa na mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, na ulihitaji boti ya wagonjwa. Ulichukua redio upepo yako, ile ya betri iliyochoka, ukaita. Ukaita tena. Masafa yako yalikuwa yamejaa mlio kama bati linalokwaruzwa. Mlio ule ulikuwa wangu. Kule Kibiti tulikuwa tukijaribu mtambo ambao programu ndiyo inayouongoza: usikilize wenyewe, utafute masafa yaliyo kimya, uyaazime kupeleka intaneti shuleni, na mwenyewe akirudi uyaachie. Nilikuwa nikijivunia, Zuhura. Mtambo ulisikiliza kutoka juu ya mnara wake, haukukusikia, ukaamua kwamba hupo.

Ukampakia mama kwenye mtumbwi, shemeji yake akapiga kafi. Mtoto akazaliwa katikati ya mikoko.

"Wote wazima, kwa rehema za Mungu, si kwa hisani yako." Ukakata simu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Tulipohamishwa sote kutoka delta, wewe ulirudi, mimi nikaendelea na shule, na mambo ya delta nikayafungia pamoja na nguo za utotoni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele ya mtumbwi wa baba tukienda kukata boriti. Unakumbuka alivyofanya penye kona, pale ambapo mkondo unapitisha mtumbwi mmoja tu? Alisimamisha, akaniambia nipige ukelele. Kimya. Hata hivyo hakuingia. Alisoma Alhamdu nzima, polepole, hadi amina, ndipo akasukuma mtumbwi kwa pondo. Nilimuuliza kwa nini, akasema: "Aliyepakia boriti hana pumzi ya kukujibu upesi, na mikoko inakula sauti." Na kama palikuwa na mtu ukingoni, alimuuliza huyo, kwa kuwa yeye anaona ng'ambo ya kona. Akitokea mwenye mzigo, sisi tulio watupu tulirudi nyuma kwenye mizizi, tukampisha.

Kijana aliyelelewa hivyo ndiye aliyeidhinisha mtambo unaosikiliza kwa kufumba na kufumbua, mahali pamoja, halafu unaingia.

Ukafariki kabla sijakuomba radhi. Masika yaliisha, nikajiambia nitakuja maji yakipungua. Simu ya msiba ikawahi.

Basi nikaingia kwenye kamati nikiwa na jambo moja tu. Rasimu ya kiwango ilisema redio ikikuta kimya, itumie masafa. Kama ingepita hivyo, masafa ya kila zahanati yenye redio dhaifu yangehesabiwa hayana mwenyewe. Nikaeleza habari ya baba na kona. Mhandisi mmoja kijana kutoka Dar, binti mkali anayeitwa Neema, akaniuliza, "Mzee wangu, kwa hiyo tuandike kwenye kiwango cha taifa kwamba redio isome Alhamdu?" Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, maana ungekuwepo ungecheka kuliko wote.

Nilimpeleka Kibiti, nikamvisha vipokea sauti masikioni chini ya mnara. Asha, aliyeshika nafasi yako zahanatini, alikubali kuita kutoka Mbuchi kwa redio yako ileile. Mtambo ukaandika: masafa ni matupu. Neema naye hakusikia kitu, na mtambo ukaingia. Kisha tukawasha redio ndogo ya pili, niliyokuwa nimeifunga kwenye nguzo karibu na zahanati, iwe mtu wa ukingoni. Hiyo ilimsikia Asha, ikauarifu mnara, na mnara ukanyamaza papo hapo.

Ndani ya ule ukimya, kupitia redio ile ndogo, ikaja sauti ya Asha, nyembamba lakini kamili: "Kibiti, Kibiti, mnanipata?"

Neema akavua vipokea sauti. "Mzee, alikuwepo muda wote?"

"Muda wote."

Kifungu aliandika yeye, kwa lugha safi kuliko yangu. Redio isiamue peke yake. Iulize redio zilizo karibu na wenye sauti ndogo. Ikikuta kimya, isubiri kwanza. Na kila programu yake ikibadilishwa ipimwe upya, kwa sababu redio ya namna hii inaweza kuwa na adabu leo na kesho ikaamka haina. Jana mwenyekiti aliuliza nani anapinga. Niliangalia meza yote, kiti kwa kiti. Hakuna! Mimi mzee mzima nilisimama nikapiga makofi peke yangu, Neema akafuata, wakafuata wote.

Nilipompigia Asha alipiga kigelegele hadi simu ikakwaruza.

Zuhura, nisamehe. Nilichelewa kwako, na hilo hakuna kamati inayoweza kulirekebisha. Nitakuja Mbuchi mpunga ukivunwa, nikusomee dua. Pumzika, mdogo wangu. Asha akiita, atasikika. Nakuahidi hilo, na safari hii nimeliandika mahali ambapo hata mimi siwezi kulifuta.

Kaka yako,
Mbwana