Kopo Alilokutumia Mama Yako

Mpemba, Tunduma
11 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Irene,

Habari za Kitwe? Mumeo hajambo, na mimba inakwendaje? Huku baridi imeingia, mahindi tumevuna, nami ni mzima isipokuwa hasira.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa jirani yetu Shadrack, dereva wa lori, akuletee barua hii mkononi. Isome kabla hujamkaribisha chai.

Mama yako amelazwa. Uso umevimba, mikono inatetemeka, kikombe hakishiki. Daktari anasema ni figo, na swali lake la kwanza lilikuwa: anajipaka mafuta gani?

Ni yale yale ya kung'arisha ngozi, ya kopo jeupe, aliyokutumia Pasaka. Muuzaji huyachanganya kwenye beseni pale sokoni, watu wakitazama, kisha humwagia juu chumvi ya Ivuna, ya hapa kwetu Momba. "Mama, hapa hakuna kemikali, ni chumvi yenu wenyewe!" Na watu wetu, waliokandwa miguu kwa chumvi hiyo tangu utoto, wanafungua pochi. Nani wa Momba ataiogopa chumvi ya Ivuna?

Chumvi ile haimng'arishi mtu, inakwaruza tu. Kinachofanya kazi ni unga uliotangulia kwenye beseni, chumvi nyingine kabisa, ya zebaki. Huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya hadi kwenye damu na kuzila figo. Wanatuuzia sumu wakiifunika kwa kitu cha nyumbani kwetu, halafu tunawaita wafanyabiashara! Na sisi tunaopanga foleni tuitwe nani?

Nilimwonya mama yako. Akacheka: "Kaka, wewe gombana na redio, mimi niache nipendeze." Sasa hacheki.

Irene, zebaki humfikia mtoto tumboni. Acha leo. Usiyachome moto, moshi wake nao ni sumu, wala usiyamwage mtoni. Lifunge kopo kwenye mfuko, lipeleke kliniki, na useme yote hata wakikukaripia.

Mke wangu Tumpale na binamu yako Gloria wanakusalimu. Wanashinda hospitalini kwa zamu.

Jana mama yako aliniuliza kama ulishaanza kuyapaka. Nikamwambia bado, kopo hujalifungua. Akalala.

Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba, na asinifanye mwongo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikifoka,
Ezron