Paja Lisilo Lake

Jumanne, 2 Septemba 2025

Foleni leo imefika hadi barazani nje. Na mashine ya altrasaundi imeamka na kiburi chake — picha zinatetemeka. Kabla ya mgonjwa wa kwanza nilijipima mwenyewe, paja la kulia kwa nyuma, kama nifanyavyo kila inaponiletea ujeuri. Msuli wangu safi, nyuzi zimelala sambamba. Angalau nina kitu kimoja kilichonyooka maishani!

Saa sita wakamleta Kahindi, winga wa timu ya makuli wa Kibarani. Jana alikuwa akiukimbilia mpira, akasikia kishindo nyuma ya paja la kushoto. Akadhani kapigwa jiwe. Akageuka — hakuna mtu. Nimeona mpasuko wa sentimita nne, damu imejaa humo, nyeusi ti.

Daktari Ishaq ana sheria yake: ukipima mguu mbovu, upime na mzima, picha zikae ubavu kwa ubavu. Mguu mzima yeye huuita shahidi. Lakini Kahindi alikuwa akilia, hataki kugeuzwa tena, na watu nje wanagonga mlango. Nikachukua picha ya paja langu la asubuhi, nikaitia kwenye faili lake. Paja ni paja. Nani atajua?

Alhamisi, 4 Septemba

Daktari amemwambia Kahindi: wiki sita, pengine nane. Kahindi hakusikia chochote ila tarehe. Mechi ya tarehe ishirini, mtu wa timu moja ya Nairobi anakuja kumtazama yeye.

"Daktari, mimi nina miaka ishirini na sita. Huyo mtu hatakuja tena."

Daktari akasema mguu hausomi kalenda. Mimi nilijifanya nafuta jeli kitandani. Nilimwonea huruma. Mtu anabeba magunia godauni kutwa, jioni ndiyo anakwenda mazoezini!

Jumanne, 9 Septemba

Kahindi kaingia bila mkongojo. Nikadhani ni ubishi wa wachezaji. Nikampima mguu mbovu — mpasuko umebaki sentimita mbili. Wiki moja!

Daktari akavua miwani. "Bi Ndinda, mashine yako yasema kweli leo?"

Nikafungua picha za kwanza ili tulinganishe, na hapo ndipo nilipoona. Kwenye picha ya shahidi — yangu — kuna doa jeusi, dogo, kama punje ya dengu. Daktari alikuwa ameshageukia simu. Nikafuta kioo kwa kitambaa. Nikafuta kwa spiriti. Doa halikutoka.

Jioni pale Feri, nikiteremka mteremko na umati unasukuma, kitu kikanivuta nyuma ya paja. Paja la kulia. Nimechoka tu, nadhani.

Jumatatu, 15 Septemba

Mpasuko wa Kahindi haupo.

Sisemi umepona. Haupo! Daktari Ishaq ameitazama picha kwa muda mrefu, akasema msuli ukichanika huacha kovu, hata dogo, na hapa hakuna. Akamrukisha, akamkimbiza ukumbini, akamsukuma mguu huku na huku. Hana maumivu. Akamruhusu kucheza, lakini kwa sauti ya mtu anayetia sahihi barua asiyoielewa. Kahindi akacheka, akanishika mikono yote miwili. "Dada Ndinda, mkono wako una baraka!" Kaniachia halwa kisahani kizima.

Halwa iko pale mezani. Siwezi kuila.

Kwa sababu ile picha mpya ya paja lake naijua. Karibu na mfupa kuna uzi mmoja mweupe uliokaa mshazari, kama alama ya mkato. Ule uzi ni wangu. Nimejipima miaka sita, nimeuona mara mia. Nikarudi kwenye faili, kwenye ile picha ya shahidi. Imejaa weusi. Nikaupima: sentimita nne. Pembeni pameandikwa vilevile, 2 Septemba, saa moja na dakika arobaini asubuhi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefunga mlango nikajipima.

Sentimita nne. Mahali palepale.

Nikikaa siumwi hata kidogo. Lakini jana, kuanzia saa kumi na moja hadi magharibi, maumivu yalikuwa yakija na kuondoka. Yananivuta, yananiachia, yananivuta. Leo nimempigia Naomi, dadake Kahindi, nikamwuliza kama kwa mazungumzo tu, jana kaka alifanya mazoezi saa ngapi. Saa kumi na moja hadi magharibi.

Sisi wa Ukambani husingiziwa uchawi wote wa nchi hii, na mimi hata popo namkimbia. Siamini mambo haya. Nimeandika hivyo ili nisome kesho.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia Daktari. Si yote! Nimemwambia tu nilitia picha ya paja langu kwenye faili la mgonjwa. Hayo mengine angenipeleka mimi kwa daktari.

Alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. Kisha: "Bi Ndinda, njia ya mwongo ni fupi. Miaka sita sijakushika na kosa. Hili si kosa dogo."

Nikasema nitaifuta mwenyewe. Akakataa, nisiliguse tena faili hilo. Kesho akitoka kuswali alasiri atapita kliniki aifute kwa mkono wake, na Jumatatu tumpime Kahindi upya, miguu yote miwili.

Nilitoka pale mwepesi. Huenda ikifutwa na yangu yatakwisha. Nikiri hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu: sikuwaza kingine chochote.

Jumamosi, 20 Septemba

Niko uwanjani Tononoka, naandika gotini. Naomi amenishikia nafasi kwenye kivuli. Mechi ilianza saa tisa. Mtu wa Nairobi anaonekana — fulana nyeupe, daftari, hacheki na mtu.

Kahindi anaruka kama hajawahi kuumia. Na kila akichomoka, paja langu linachomoka naye. Natafuna pindo la leso. Naomi ananiuliza kama ni tumbo. Nasema ndiyo.

Mapumziko. Bila bila. Nimetulia, na akili nayo ikatulia, na sasa nauliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza jana. Ile picha ikifutwa, mpasuko wangu unakwenda wapi?

Si una mwenyewe, Kahindi!

Nimempigia Daktari. Inaita, haipokelewi. Simu huiacha kwenye droo anapokwenda msikitini, nilisahau. Nimepiga mara saba. Nimemwambia Naomi achukue tuktuk hadi kliniki, Kibokoni, amwambie Daktari asiguse lile faili. Amenitazama kama nimepagawa. Lakini amekwenda, Mungu ambariki. Nilitaka kwenda mwenyewe, mguu umekataa kunyooka.

Kipindi cha pili. Saa kumi na dakika tano. Adhana imepita zamani, sasa hivi watakuwa wanatoka. Kutoka msikitini hadi kliniki ni hatua mia mbili, na Daktari hana tabia ya kupiga soga njiani.

Nampigia tena. Inaita.

Kahindi kaupata mpira karibu na mstari. Kampita wa kwanza — niko chini, nimeshika nyasi, mwandiko huu sijui kama nitausoma. Watu wanapiga kelele. Mtu wa Nairobi amesimama. Kampita wa pili, mbele yake ni kipa peke yake —

Paja langu limeachia.

Haliumi. Limeachia lote mara moja, nimesimama wima bila kushika kitu. Na Kahindi bado anakimbia, bado hajui, naita jina lake na kelele zimenimeza, sasa anainua mguu wa kushoto apige na